Jogoo Aliyeezeka Darasa la Kwanza

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usijichoshe kumtafuta mjinga mwingine miongoni mwa waheshimiwa. Wapo, lakini wao wamesomea. Mimi ni kipaji tu nimejaliwa. Nimewahi kuuza dawa ya kunguni iliyowanenepesha kunguni. Nimewahi kucheza upatu ambao mpokeaji wa kwanza alipokea, akaaga anakwenda msalani, na mpaka leo yupo huko msalani, nchi jirani. Dunia imenizaba vibao vya kila saizi, nami katika yote nimeambulia hekima moja: ukianguka, cheka wewe kwanza, kabla wenzio hawajapata nafasi.

Nchi yetu hutaiona kwenye ramani kwa urahisi. Iko pale karatasi ilipokunjwa. Ni nchi nzuri, ina mlima, ina mto, na ina wizara nyingi kuliko madaraja. Wizara kubwa kupita zote ni Wizara ya Michango, Ahadi na Ushirikishwaji wa Wazazi, na waziri wake ni Mheshimiwa Dakta Kilimba, mtu mwenye sauti nzito na tumbo la kuitegemeza.

Wizara hiyo ndiyo iliyotoa mwongozo ambao kila mzazi ameukariri: "Mzazi ni mshirika mkuu wa elimu. Atashirikishwa kikamilifu kwa kuarifiwa mambo yaliyokwisha kuamuliwa, naye atatoa maoni yake kwa kupiga makofi." Asiyepiga makofi anahesabiwa amekataa shule.

Sasa binti yangu Zawena anasoma darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Songa Kidogo. Darasa lao lilikuwa na kuta nne, ubao, na mbingu. Paa lilichukuliwa na upepo zamani, na upepo wa kwetu haurudishi. Jua likiwaka, watoto walisoma. Wingu likitanda, mwalimu aliita, "Chini ya madawati!" na somo likageuka kuwa kujificha. Zawena alikuwa akirudi nyumbani ametota, daftari limekuwa uji, ananiuliza:

"Baba, hii mvua nayo kila mwaka iko darasa la kwanza. Itafaulu lini iende la pili?"

Mimi nilikuwa najibu, "Mwakani, mwanangu." Na mwakani ilikuwa ikifeli tena.

*

Usidhani Wizara ilikuwa imelala. Ilibuni mbinu za kuchangia elimu mpaka wageni wakawa wanakuja kujifunza.

Kulikuwa na Matembezi ya Hisani, ambapo viongozi walitembea kilomita nyingi ndani ya magari yao, polepole sana, ili wananchi waone jinsi wanavyojinyima mwendo. Kulikuwa na mnada wa keki. Keki ya kwanza ililiwa na kamati usiku wa kuamkia mnada, kwa hiyo Wizara ikatengeneza keki ya mbao, ya ghorofa tatu, ikapakwa rangi nyeupe na waridi. Seremala aliyeichonga alisema mbao zile zingetosha kupaulia darasa. Akaambiwa asichanganye sherehe na ujenzi.

Lakini ubunifu uliovunja rekodi ulikuwa jogoo.

Jogoo huyo aliitwa Mzalendo. Alikuwa na gari lake, dereva wake, na posho ya mtama ya kulalia nje ya kituo. Alizunguka shule zote za nchi akinadiwa, na utaratibu wake ulikuwa huu: mkubwa mmoja anasimama, anaahidi kitu kizito, makofi yanapigwa, anakabidhiwa jogoo. Naye huyo mkubwa, hata kabla jogoo hajatulia kwapani, anatangaza, "Namrudisha kwa heshima ya mgeni rasmi!" Makofi tena. Jogoo anapanda gari lake, anakwenda kuchangia shule nyingine. Hakuna aliyewahi kuondoka naye, kama vile hakuna anayekwenda msibani akaondoka na jeneza.

Na ahadi je? Ahadi zilitimizwa papo hapo, kwa sababu sheria yetu inasema hivi: ahadi ikishapigiwa makofi, imepokelewa. Mheshimiwa Kilimba aliwahi kulifafanua bungeni, akasema, "Ahadi ni mali inayotembea kwa miguu. Tusiikimbize, itachoka njiani." Kwa hesabu hiyo, nchi yetu ina maabara kila kijiji. Ukizitafuta huzioni, lakini hilo ni tatizo la macho.

*

Siku yenyewe ilianza kwa amri ya mke wangu.

"Baba Zawena," aliniambia, ameshika kiuno, na wewe unajua kiuno kikishikwa hivyo mjadala umeshafungwa, "mama anafika leo. Hela hii hapa. Nenda sokoni kanunue jogoo. Siyo kuku wa kizungu, siyo kifaranga mwenye ndoto. Jogoo. Mara ya mwisho ulimlisha mama yangu mchicha, akasimulia ukoo mzima."

Mama mkwe wangu, Bi. Nyamizi, ni mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Tangu nimwoe binti yake, hajawahi kunitukana hata siku moja. Ananitazama tu, kisha anamwambia binti yake, "Pole, mama." Kwa hiyo nilikwenda sokoni mbio.

Soko lilikuwa limefungwa. Mlangoni alisimama mgambo, rungu mkononi.

"Wote uwanja wa shule," akasema. "Leo mnashirikishwa."

"Afande, mimi shida yangu ni jogoo tu."

"Jogoo naye kashirikishwa. Utamkuta hukohuko."

Nami, mjinga wa siku, nikaona bahati imeniangukia.

*

Uwanjani kulikuwa na turubai ambalo sijapata kuona mfano wake. Lilifunika meza kuu, viti vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa utepe, spika, mafeni, na meza ya vinywaji baridi. Kamba zake zilihitaji mahali imara pa kufungia, zikafungwa kwenye kuta za darasa la kwanza. Kwa hiyo kivuli kilianzia ukutani mwa darasa la Zawena, kikaenda upande wa pili. Sisi wazazi tuliketishwa juani, ili, kama alivyoeleza mshereheshaji, "ushirikishwaji uwaingie vizuri."

Mshereheshaji alikuwa kijana wa mjini anayeitwa Chitemo, suti inang'aa kama sufuria mpya. "Wazazi oyee! Pasheni viganja! Makofi ya kilo kwa Mheshimiwa!" Tukapasha.

Mheshimiwa Kilimba akahutubia. Alisema elimu ni ufunguo, na wazazi ni mlango, na serikali ni mwenye nyumba aliyesafiri lakini anawakumbuka. Alisema paa ni jambo dogo mno kuomba katika harambee ya hadhi hii, na wazazi wajifunze kuwaza makubwa. Jasho lilitutoka, tukapiga makofi, maana kutikisa mikono kunaleta upepo.

Kisha akaletwa jogoo Mzalendo, juu ya mto wa hariri. Mnada ukaanza.

"Naahidi bweni la ghorofa!" akasema mkandarasi mmoja wa meza kuu.

Makofi.

"Naahidi maabara, pamoja na harufu yake!" akasema mwingine.

Makofi ya kilo.

"Naahidi bwawa la kuogelea!"

Hapo watu walisimama kabisa. Shule ile maji yake ya kunywa hutoka nyumba ya jirani, tena kwa kubembeleza.

Mheshimiwa akanogewa. Akamnyanyua jogoo juu, akatamka maneno ambayo huyatamka kila shule, na ambayo kila mtu, isipokuwa mimi, alijua ni nakshi ya hotuba:

"Na leo natangaza! Kama yupo mwananchi mwenye fedha mkononi, fedha ya kushikika, aje mbele hapa, nami nitamkabidhi jogoo huyu kwa mikono yangu mwenyewe!"

Akanyamaza kungoja makofi. Kwenye hotuba yake, baadaye tuliambiwa, paliandikwa: *tulia kidogo, tazama kamera.*

Nikanyoosha mkono. Hela ya mke wangu ilikuwa ndani yake.

"Ninazo, Mheshimiwa. Hizi hapa. Asante sana, maana mama mkwe yuko njiani."

Ndugu yangu, umewahi kusikia spika ikinyamaza na watu wakanyamaza na mafeni yakasikika? Mkuu wa itifaki alifungua mwongozo wake mbele, akaufungua nyuma. Chitemo alisema "Aah," akaishia hapo, na yeye analipwa kwa maneno. Kamera zilikuwa zinatazama. Mheshimiwa alitabasamu kwa meno tu, macho yakakataa kushiriki, akanikabidhi jogoo. Nikampa Mwalimu Mkuu Ntandu zile noti, nikaaga kwa heshima, nikashika njia.

Walipiga makofi! Walidhani nazunguka uwanja kwa mbwembwe, kisha nitarudi kusema yale maneno ya heshima. Nasikia walipiga makofi mpaka viganja vikawaka, wananingoja. Mimi huko nilikuwa nauliza bei ya vitunguu.

*

Mama mkwe alimtazama jogoo kabla ya kutazama mtu mwingine.

"Huyu umempata wapi, mkwe wangu?"

"Nimemnunua, mama. Kwa hela taslimu."

"Hm," akasema. Katika miaka yote ya ndoa yangu, hiyo "hm" ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa.

Mzalendo alichinjwa, akanyonyolewa, akapikwa. Alichemka mchana, akachemka alasiri, mke wangu akaongeza maji, akaongeza kuni, akaongeza papai bichi. Jua lilipozama akakubali nusu.

"Mkwe wangu," akasema Bi. Nyamizi, anavuta pande la paja kwa meno kama anayefungua komeo la mlango, "jogoo huyu alistaafu jeshi gani?"

Lakini alikula. Firigisi tulimpa yeye, kama inavyostahili, akaitafuna akitazama ukuta, ametulia. Zawena alicheka, mke wangu alicheka, nami nikajiona mwanamume miongoni mwa wanaume.

Ndipo redio ikasema: "Jogoo wa Taifa, Mzalendo, bado hajarejea kutoka matembezini. Wananchi wanaombwa kuendelea kupiga makofi kwa utulivu."

Mke wangu alinitazama. Nilitazama sufuria. Sufuria haikuwa na la kunisaidia. Ilikuwa na mchuzi tu.

*

Huku nyuma, Mwalimu Mkuu Ntandu alikuwa na taabu yake. Zile noti alizishika kama mtu aliyepewa kinyonga. Kamati ya shule ilikuwa na mweka ahadi, na msaidizi wa mweka ahadi, lakini mtu wa kupokea fedha hawakuwahi kumhitaji. Kamati ikaunda kamati ndogo ikajifunze, katika hoteli yenye utulivu, namna fedha inavyopokelewa.

Mwalimu Ntandu ni mtu mwoga. Aliogopa kukaa na fedha ya umma mfukoni. Na woga, ukitumika vizuri, unashinda ushujaa: alipanda baiskeli, akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na mabati. Bei ya jogoo mmoja, hata akiwa wa Taifa, haiezeki darasa. Mabati yale yalitosha kufunika meza ya mwalimu na miguu yake, akikaa vizuri. Akayapigilia kwenye kona, na watoto wa darasa la kwanza wakapeana zamu ya kukaa chini yake.

Wazazi waliopita njiani wakaona kitu kinang'aa. Wakasimama. Tulikuwa hatujawahi kuona mchango. Tulikuwa tumezoea kuusikia.

Kesho yake baba mmoja alikuja na bati lililobaki kwenye jiko lake. Mama muuza vitumbua akaleta misumari, imefungwa kwenye khanga. Seremala yule wa keki akaja na randa, akauliza kwa sauti ya chini kama keki ya Wizara bado iko stoo. Ilikuwapo. Wakaishusha ghorofa zake zote tatu, na ukiingia darasani leo utaona boriti moja ina ua la waridi. Mimi nilipanda juu kupigilia, nikapigilia na kidole. Hakuna mtu aliyetushirikisha. Tulishirikiana tu, bila mgeni rasmi, bila spika, jambo ambalo kwetu ni kosa, sema hatukulijua.

Mwisho wa juma paa lilikuwa limefika ukuta wa pili. Zawena alilala akitabasamu usingizini, daftari kavu chini ya mto.

*

Mheshimiwa Kilimba akaja Jumatatu, na msafara, na turubai. Safari hii kamba zilipofungwa kwenye kuta za darasa, aliyeinua macho akaona bati. Wingu jeusi lilikuwa limeshatanda nyuma ya mlima.

Tukaitwa wote. Mimi niliwekwa mbele, kwenye kiti kisicho na kitambaa. Mama mkwe alikuja pia, ameketi safu ya wazazi, anachokoa meno. Juma zima, na nyuzi za Mzalendo bado zilikuwa zinamtoka.

"Mnajua mtu huyu amekula nini?" Mheshimiwa alinguruma. "Amekula jogoo aliyejenga shule zote za nchi hii!"

"Ziko wapi?" sauti ikauliza kutoka juani.

"Zimeahidiwa!" akajibu. "Na zimepigiwa makofi!"

Nikasimama. "Mheshimiwa, nakiri ujinga. Nitakununulia jogoo mwingine."

"Mwingine! Jogoo mwingine ana uzoefu gani? Yule alikuwa na cheo! Atakayenadiwa keshokutwa ni nani? Wewe?"

Chitemo akacheka, akakumbuka alipo, akakohoa.

Mheshimiwa akageukia lile paa, akalitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi kitandani. "Na hiki ni nini? Paa lisilo na hotuba! Nani alilizindua? Nani alilikatia utepe? Jogoo yule hakuuzwa, kwa desturi ya nchi hii jogoo huwa hauzwi, hunadiwa tu. Kwa hiyo fedha ile ni batili, na mabati yake ni batili, na yote yaliyoyafuata kwa ushawishi mbaya ni batili. Nawapa uchaguzi, maana serikali yetu ni sikivu. Jogoo arudi, akiwa hai, na manyoya yake. La sivyo, mabati yashuke leo hii."

Akampa ishara askari. Ngazi ikaegemezwa ukutani.

Mwalimu Ntandu alifuta jasho kwa kifutio cha ubao, uso ukawa mweupe kwa chaki. "Mheshimiwa, wamo ndani wanasoma. Na mvua ile inakuja."

"Mvua ipo kila mwaka. Heshima ya Wizara ikishuka, haipandi."

Askari akapanda ngazi ya kwanza, ya pili. Dirishani nikaona uso wa Zawena. Hakunitazama mimi, alikuwa anatazama juu, mahali nyundo ya askari itakapogonga. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye bati, *ta*. La pili. Watoto humo ndani, ambao hawakuwahi kusikia mvua ikigonga kitu kisichokuwa vichwa vyao, wakapiga kelele za furaha. Nami, mtu wa kucheka mapema, nikatafuta kicheko changu nisikione.

Hapo Bi. Nyamizi akatupa kijiti chake na kusimama. Nikasema basi, leo nitaambiwa "pole" mbele ya waziri.

Nakueleza kabisa kwamba askari alishuka kwenye ngazi, kwamba uwanja ulilipuka, kwamba msafara uliondoka kwenye mvua, na mabati yako palepale mpaka leo. Nayaeleza sasa kwa sababu baada ya mama mkwe kusema, mimi sina la kuongeza, na siku hizi namwamkia kwa magoti yote mawili.

"Mheshimiwa baba," alianza kwa upole, "kumbe ugomvi wote huu ni jogoo?"

"Ni jogoo, bibi."

"Aliye hai?"

"Aliye hai! Na manyoya yake!"

"Ah, si ungesema mapema, baba." Akajifunga khanga kiunoni, akamgeukia Chitemo. "Wewe kijana, shika kipaza sauti chako utangaze: Bi. Nyamizi anaahidi jogoo wawili, wazima, na manyoya yao. Na ninyi wengine mnangoja nini? Makofi!"